Maisha ya Santiago Ramón y Cajal na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

UTANGULIZI

Katika mazoezi ya ufundishaji tuliyoyasimamia si muda mrefu uliopita, tuliketi nyuma ya darasa la nne tukimwangalia mwalimu mwanafunzi akifundisha kugawanya. Katikati ya somo aligundua kwamba mtoto mmoja alikuwa akichora kuku na vifaranga wake katika daftari la hesabu. Mwalimu aliuchana ukurasa ule mbele ya wenzake, akamsimamisha mtoto pembeni, na somo likaendelea kwa utulivu. Katika fomu ya tathmini tulimpa mwalimu huyo alama za juu kwa udhibiti wa darasa. Haikutujia hata kidogo kujiuliza mtoto yule alikuwa amemtazama kuku kwa makini gani hata akaweza kumchora namna ile.

Swali hilo lilituamkia baadaye, tulipokuwa tukitayarisha masomo ya sayansi kuhusu ubongo na neva. Katika kusoma tulikutana na maisha ya Santiago Ramón y Cajal, mtaalamu wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1852 na kufariki mwaka 1934. Huyu ndiye aliyeonyesha jinsi seli changa ya ubongo inavyochipua unyuzi wake na kuusukuma kuelekea mahali pa mbali. Naye alipokuwa mtoto alipigwa, akafungiwa na kudharauliwa, na sababu mojawapo ilikuwa kuchora.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, tunataka kuwaeleza wanachuo wetu maisha na kazi ya mtu huyu. Pili, tunataka kuonyesha kwamba njia alizozitumia katika uchunguzi ni zile zile ambazo mwalimu wa shule ya msingi anazihitaji kila siku.

UTOTO NA SHULE

Santiago alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini ya Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa mtu aliyejiinua kwa jasho lake mwenyewe. Alianza kazi akiwa msaidizi wa kinyozi aliyekuwa pia akitibu majeraha, kisha akajisomesha kwa dhiki kubwa mpaka akafuzu udaktari. Mtu aliyepanda mlima namna hiyo aghalabu hana subira na mambo ayaonayo kuwa ni mchezo.

Mtoto wake, kwa upande mwingine, alipenda kuchora kuliko kitu chochote. Alichora katika karatasi, katika vitabu na hata katika kuta za nyumba za majirani. Baba aliona kuwa huo ni uvivu. Walipokuwa wakikaa katika mji wa Ayerbe, alimchukua mtoto pamoja na picha yake akampeleka kwa fundi wa lipu na rangi aliyekuwa akitengeneza kanisa, ili atoe hukumu. Fundi aliitazama picha, akasema haifai kitu na mtoto hana kipaji. Basi hukumu ya mpaka rangi ikawa sheria ya nyumba, na kalamu na rangi zikapigwa marufuku.

Alipofikia umri wa miaka 10 hivi alipelekwa shule ya watawa katika mji wa Jaca. Huko elimu ilikuwa kukariri Kilatini neno kwa neno, na aliyeshindwa alichapwa. Santiago hakuwa hodari wa kukariri. Alichapwa, akafungiwa chumbani peke yake na kunyimwa chakula, akarudi nyumbani amekonda, wala Kilatini hakikuingia. Tukumbuke kwamba walimu wale hawakuwa watu wabaya kwa nia. Walifuata desturi ya ufundishaji waliyoikuta. Lakini desturi hiyo ilikaribia kumpoteza mtoto. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga wa mbao akavunja lango la bustani ya jirani, akatiwa mahabusu siku kadhaa. Baadaye baba alimtoa shule kwa muda, akamweka kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu, ili ajue uchungu wa kazi.

Mageuzi yalikuja katika kiangazi cha mwaka 1868. Baba alitaka kumfundisha elimu ya mifupa, lakini mifupa ya kufundishia haikuwepo. Basi baba na mwana walikwenda katika makaburi ya zamani, wakaokota mifupa iliyokwisha kutoka ardhini. Kijana akaambiwa aitazame mifupa hiyo na kuikumbuka sehemu kwa sehemu. Naye aliikumbuka kwa njia aliyoijua, yaani kwa kuichora. Penseli ile ile iliyopigwa marufuku ikawa chombo cha masomo. Kijana aliyeshindwa kukariri Kilatini aliweza kutaja kila shimo na kila ukingo wa mfupa, kwa kuwa aliuona kwa macho na kuupitisha mkononi. Baba, ambaye alikuwa amempiga kwa ajili ya picha, sasa alijivunia picha.

KUTOKA UDAKTARI HADI HADUBINI

Mwaka 1873 Santiago alipata shahada ya udaktari mjini Zaragoza. Mwaka uliofuata alipelekwa Kuba akiwa daktari wa jeshi. Wakati huo Kuba ilikuwa koloni la Hispania, na wananchi wake walikuwa wakipigania uhuru. Aliugua malaria na kuhara damu, akarudi kwao mwaka 1875 akiwa dhaifu. Kwa fedha alizoziweka akiba kutokana na mshahara wake wa jeshi alinunua hadubini, akaanza kujifunza peke yake. Mwaka 1878 alipatwa na kifua kikuu, akapona. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás, wakajaliwa watoto saba. Mke huyu ndiye aliyebana matumizi ya nyumba ili fedha za dawa na karatasi za utafiti zipatikane.

Mwaka 1883 aliteuliwa kuwa profesa wa anatomia huko Valencia. Miaka miwili baadaye kipindupindu kilizuka, naye akakichunguza na kuandika taarifa. Kama shukrani, serikali ya jimbo la Zaragoza ilimpa hadubini nzuri ya Zeiss. Chombo hicho kilimfaa kuliko fedha, maana sasa aliweza kuona kama walivyoona wataalamu wa nchi tajiri.

MSITU NA KITALU

Ili tuelewe alichokigundua, hapana budi kwanza tueleze tatizo lililokuwapo. Ubongo umejaa seli za neva, ambazo siku hizi huitwa nyuroni. Kila nyuroni ina kiwiliwili chenye kiini. Kutoka katika kiwiliwili huota matawi mafupi yaitwayo dendraiti, ambayo hupokea habari. Tena huota unyuzi mmoja uitwao aksoni, ambao hupeleka habari kwa seli nyingine. Aksoni inaweza kuwa fupi sana au ndefu ajabu. Ile inayotoka sehemu ya chini ya mgongo wa mtu mzima na kufika wayoni yaweza kukaribia urefu wa mita 1.

Matawi na nyuzi hizi zimesongamana sana. Mwaka 1873 Mwitalia Camillo Golgi alivumbua njia ya kulowesha vipande vya ubongo katika dikromati ya potasiamu na kisha katika nitrati ya fedha. Ajabu ya njia hiyo ni kwamba seli chache tu hugeuka nyeusi, nazo huonekana kamili, nyingine zote zikibaki angavu. Lakini hata kwa njia hiyo haikuwa rahisi kuufuata unyuzi mmoja mpaka mwisho wake. Wataalamu wengi, Golgi akiwa mmojawapo, waliamini kwamba nyuzi zote zimeungana na kuwa wavu mmoja usio na mwanzo wala mwisho.

Mwaka 1887 Santiago alizuru Madrid, na Dakta Luis Simarro akamwonyesha vipande vilivyotiwa rangi kwa njia ya Golgi. Alishangaa kuona kwamba njia nzuri kama ile ilikuwa imekwisha kuwapo miaka 14 bila ya wengi kuitumia. Mwaka huo huo alihamia Barcelona, akaanza kuitengeneza njia hiyo upya. Alilowesha vipande mara mbili badala ya mara moja, akakata vipande vinene zaidi ili nyuzi zisikatike.

Jambo kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa uchaguzi wake wa kitu cha kuchunguza. Wengine walichunguza ubongo wa mnyama mzima. Yeye aliona kwamba hiyo ni sawa na kutaka kujifunza umbo la mti mmoja ndani ya msitu mnene, ambamo matawi yamesukana. Akaona heri kwenda katika kitalu, ambako miche bado ni midogo na imeachana. Kitalu chake kilikuwa viinitete vya kuku ndani ya mayai, na wanyama wachanga. Ndani yao seli za neva bado ni chache na fupi, wala nyuzi hazijavikwa ala ya mafuta ambayo huizuia rangi isiingie.

Mwaka 1888 matokeo yalikuja kwa wingi. Katika sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni mwa ndege aliona nyuzi zikifika karibu na seli nyingine, zikaikumbatia, lakini zikakoma hapo bila kuungana nayo. Kila seli ilikuwa kitu kimoja, na habari ilivuka kwa kukaribiana. Hapakuwa na jarida lililokuwa tayari kuchapisha picha zote alizotaka, kwa hiyo alianzisha la kwake kwa fedha zake mwenyewe, akachapisha nakala 60 na kuzituma kwa wataalamu wa nchi za nje. Wengi hawakujibu.

Mnamo Oktoba 1889 alifunga safari kwenda Berlin kwenye mkutano wa wataalamu wa anatomia. Kijerumani hakukijua, na Kifaransa chake kilikuwa cha kubahatisha. Hakujaribu kushinda kwa hotuba. Alipanga hadubini mezani, akaweka vipande vyake vilivyo bora, akawaita wenzake mmoja mmoja waje watazame. Albert von Kölliker, mzee mwenye umri wa miaka 72 na heshima kubwa, alitazama akaridhika, na baadaye akaiacha imani yake ya zamani juu ya wavu. Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm von Waldeyer aliifanyia muhtasari hoja hiyo na kuipa seli hiyo jina la nyuroni.

NCHA YA UNYUZI UNAOKUA

Mwaka 1890, katika ugwe wa neva upitao ndani ya mgongo wa kiinitete cha kuku, Santiago aliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza. Mwisho wa kila aksoni changa ulikuwa umevimba kama koni, wenye vidole vyembamba vilivyotandazwa mbele. Aliuita koni ya ukuaji. Alikuwa akitazama vipande vilivyokufa na kukauka, lakini kutokana na maumbo yale alihitimisha kwamba koni hiyo ni sehemu hai, laini na yenye nguvu, inayosukuma na kupapasa njia yake kati ya seli nyingine hadi ifike panapohusika. Mwaka 1892 aliongeza rai kwamba koni huongozwa na kemikali zinazotolewa na seli zilizoko mbele yake.

Wakati ule wako waliodhani kwamba unyuzi mrefu hutengenezwa na msururu wa seli nyingi zilizoshikana. Mwaka 1907, nchini Marekani, Ross Harrison aliweka kipande cha kiinitete cha chura katika tone la limfu, akaona kwa macho yake unyuzi ukitoka katika seli moja na ncha yake ikitambaa. Santiago aliishi kuona neno lake likithibitishwa.

Tena mwaka 1891 alitoa kanuni kwamba nyuroni ina upande wa kupokea na upande wa kutoa: habari huingia kwa dendraiti, hupita katika kiwiliwili, na hutoka kwa aksoni. Mwaka 1892 alihamia chuo kikuu cha Madrid, na baina ya 1899 na 1904 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya mfumo wa neva. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Golgi. Watu hawa wawili walikutana kwa mara ya kwanza mjini Stockholm, na Golgi alitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya mwenzake. Santiago hata hivyo hakuacha kukiri kwamba bila ya rangi ya Golgi asingaliona kitu. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha wazi mwanya mwembamba uliopo kati ya nyuroni na nyuroni.

SWALI LILILOBAKI

Santiago alijua kwamba nyuroni ina upande wa kupokea na wa kutoa, lakini swali moja lilibaki. Seli changa huanza ikiwa duara, pande zote sawa. Je, huamuaje ni chipukizi lipi litakuwa aksoni?

Jibu zuri la kwanza lilipatikana zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Mwaka 1988 Carlos Dotti na wenzake, katika maabara ya Gary Banker, walieleza hatua za seli za ubongo wa kiinitete cha panya zilizokuzwa katika sahani. Kwanza seli hutandaza ukingo wake. Kisha huotesha machipukizi machache, yote mafupi na yenye urefu unaokaribiana. Kwa muda machipukizi hayo hurefuka kidogo na kurudi nyuma kidogo, wala hakuna awezaye kuyatofautisha kwa urahisi. Halafu, yapata siku moja au moja na nusu tangu kupandwa, chipukizi moja huanza kukimbia mbele. Hilo ndilo aksoni. Yaliyobaki hungoja siku kadhaa, kisha huwa dendraiti.

Ndani ya koni ya chipukizi linaloshinda, utando wa protini iitwayo aktini hulegea, na vijiti vyenye uwazi ndani viitwavyo mikrotubuli huimarika na kusonga mbele katika nafasi iliyofunguka. Vifaa vya ujenzi huletwa hapo kwa wingi zaidi, na kadiri vinavyoletwa ndivyo chipukizi linavyozidi kukua na kuwazuia wenzake. Dawa inayoimarisha mikrotubuli ikitiwa kwa kipimo kidogo, seli moja yaweza kuotesha aksoni zaidi ya moja. Aidha, aksoni changa ikikatwa karibu na kiwiliwili, chipukizi jingine, ambalo lingekuwa dendraiti, laweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo machipukizi yote yalikuwa na uwezo; tofauti ilitokana na kile kilichopata kutangulia na kulishwa. Katika ubongo wenyewe, tofauti na katika sahani, ishara kutoka kwa seli jirani husaidia kuamua ni lipi litangulie.

MAFUNZO KWA MWALIMU

Kwanza, tuanze na kilicho kichanga na chepesi. Mwalimu anayefundisha mimea asianze na mchoro wa mwembe mzima. Apande maharage katika glasi yenye pamba iliyoloweshwa, watoto waone mzizi ukitangulia kutoka na chipukizi likifuata. Hata mbegu ikigeuzwa juu chini, mzizi hupinda ukaelekea chini. Mwalimu asiseme kwamba mbegu na nyuroni huamua kwa njia moja, kwani mzizi huongozwa na mvuto wa dunia. Lakini mtoto atakuwa amejifunza kwamba kitu kinachoota huwa na pande zenye kazi mbalimbali, na kwamba upande huo hujulikana kwa kutazama tangu mwanzo.

Pili, mtoto achore alichokiona, si alichonakili ubaoni. Kila siku achore mbegu yake na kuandika tarehe. Picha za Santiago, ambazo ni maelfu, zinatumika vitabuni hadi leo. Hazikuwa mapambo, zilikuwa ushahidi kwamba mchoraji alitazama kwa muda mrefu kabla ya kugusa karatasi.

Tatu, kielelezo kitangulie maneno. Pale Berlin lugha ilimshinda, lakini meza yenye hadubini ilimtosha. Mwalimu ambaye watoto wake bado hawajakimudu Kiswahili cha vitabuni yuko katika hali kama ile.

Nne, tusiharakishe hukumu. Hapa tunahitaji tahadhari, kwani mtoto si seli, na uchunguzi wa seli za panya hauwezi kuthibitisha neno lolote juu ya akili ya mwanafunzi. Ushahidi wetu ni maisha ya Santiago mwenyewe. Fundi rangi alimhukumu, shule ilimhukumu, na baba alimhukumu. Kilichomwokoa ni kwamba baba, katika kiangazi kimoja, alimpa kazi ambayo ile penseli ilikuwa na faida. Hatuwezi kuhesabu ni watoto wangapi hawakupata kiangazi kama hicho.

HITIMISHO

Santiago Ramón y Cajal alifariki mjini Madrid tarehe 17 Oktoba, 1934, akiacha wanafunzi ambao walipata sifa kwa haki yao, miongoni mwao Pío del Río Hortega na Rafael Lorente de Nó. Mwaka 2017 kumbukumbu zake na za wanafunzi wake ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Sisi nasi tumeirudia fomu yetu ya tathmini. Alama tulizompa mwalimu yule haziwezi kubadilishwa, na kosa lilikuwa letu kuliko lake, kwa sababu ndivyo tulivyomfundisha. Lakini katika mazoezi yajayo tutawaomba wanachuo wetu kwamba wakimkuta mtoto akichora wakati wa hesabu, kwanza watazame alichochora na kumwuliza alikiona wapi. Kisha wamrudishe kwenye hesabu, maana kugawanya nako hana budi kukujua; na ukurasa wake aachiwe.